Kuvusha Kitalu Masika na Kusi: Mwongozo kwa Wenye Miche Tononoka

Ukiwa na kitalu cha miche Tononoka, kisiwani Mombasa, kiwe kando ya barabara, uani kwa nyumba au juu ya dari, mwaka wako una miezi mitano ya wasiwasi. Wasiwasi huanza masika yanapokolea Aprili, hufika kilele Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, na haumaliziki hadi Agosti, kusi ikiwa bado inavuma. Kipupwe chetu hakina jalidi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, mchana hurudi 27 au 28. Hakuna mche wa pwani unaouawa na baridi hiyo. Miche yetu huuawa na maji yaliyosimama kwenye mizizi, na ile iliyopona hukaushwa na upepo. Ukilishika hilo, kazi yako inakuwa tofauti kabisa na ile wanayofanya wenye vitalu wa bara.

Nalitaja mapema kwa sababu ushauri mwingi wa vitalu nchini umetoka nyanda za juu. Kinangop, Limuru na Kericho jalidi huunguza viazi na chai, na mwenye miche huko ana sababu ya kufunika kila jioni na kujenga nyumba ya plastiki ili joto lisitoke. Ukiijenga nyumba hiyo Tononoka mwezi wa Mei, umeukaribisha ukungu na kuupa malazi. Hewa haitembei, majani hayakauki, na unyevu wa kisiwa ambao tayari uko juu unazidi kupanda. Huku kwetu masika plastiki ina kazi moja tu, nitaifikia.

Kazi ya Machi

Kazi kubwa ya masika hufanywa kabla ya masika, katika zile siku za Machi ambapo kaskazi imelegea, jua linachoma na hakuna anayefikiria mtaro. Chukua mitungi miwili ya lita 20, imwage kwa haraka sehemu ya juu ya kitalu, kisha uyafuate maji kwa macho. Njia yatakayopita ndiyo njia ya mafuriko ya Mei. Ukiona dimbwi ambalo baada ya nusu saa bado lipo, mahali hapo pasiwekwe mche chini hata mmoja.

Kisiwa hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo kwa asili hunywa maji upesi. Lakini Tononoka ya leo ina saruji, lami, kabro na udongo ulioshindiliwa na miguu ya miaka mingi. Mvua kubwa haina pa kuzama, kwa hivyo hutafuta njia, na ikiikosa hukaa. Chimba mtaro wa kina cha shubiri moja kuzunguka upande wa juu wa kitalu, maji yageuzwe kabla hayajaingia. Usiuelekeze kwa jirani. Nyumba za hapa zimeshikana, na maji yako yakiingia chumbani kwa mtu, uhusiano uliojengwa kwa miaka utaharibika kwa usiku mmoja. Uelekeze kwenye mfereji wa barabara, na mfereji wenyewe uuzibue hata kama si wajibu wako, maana chupa na taka zilizokwama mita kumi mbele ndizo zitakazokurudishia maji kitaluni.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza: maji ya mafuriko kisiwani huchanganyika na ya vyoo. Mrehani wa kula, mnanaa, dania na mboga za majani zikae juu ya meza, mbali na maji hayo na marasharasha yake. Yakizifikia, usimuuzie mtu wa kuzila.

Baada ya mtaro ni kuinua. Kifuko cha mche kilichowekwa juu ya udongo tupu hunyonya maji kutoka chini usiku kucha, hata mvua ikiwa imekatika. Paleti za mbao zinazotoka bandarini ndizo kitanda rahisi kuliko vyote Mombasa: zina mianya, zinabeba uzito, na ukichoka mahali zinahamishika. Kabla ya kununua, tazama muhuri uliochomwa ubavuni. Wenye herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto kuua wadudu. Zenye MB zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, hizo ziache. Ukikosa paleti, mwaga kokoto unene wa vidole vinne. Na kila baada ya wiki mbili inua vifuko kimoja kimoja, maana mizizi itajaribu kushuka kupitia matundu na kushika ardhi, na siku ya kuuza itakatika yote.

Udongo na maji

Udongo uliokufaa Januari hautakufaa Mei. Wakati wa kaskazi unataka mchanganyiko unaoshika maji. Masika unataka unaoyaachia. Kipimo cha kawaida ni karai mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga, moja ya mboji. Kwa miche itakayokaa nje masika yote, punguza udongo mwekundu uwe karai moja, vyote viwe sawa, na mchanga uwe ule mnene wa mto. Mchanga wa baharini una chumvi na umejaa chokaa ya makombe. Utauokoa mfuko wako leo na kuiua mindimu yako baada ya miezi miwili.

Makumbi ya nazi ni mali tuliyo nayo mlangoni. Usumba na vumbi lake hulegeza udongo vizuri sana. Lakini uliza yalikotoka. Makumbi ya kusokota kamba huzikwa kwenye tope la pwani kwa miezi ili yalainike, na chumvi hubaki ndani. Yaloweke kwenye maji matamu, mwaga, loweka tena, rudia mara kadhaa kabla ya kuyachanganya na udongo.

Chumvi ina habari nyingine, na hii ni njema. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi chumvi, na ukame wa Januari na Februari pamoja na mifereji inayokauka humlazimu mtu kuvitumia. Miche iliyonyweshwa maji hayo tangu Desemba utaijua: juu ya udongo kuna tabaka jeupe, na majani yameungua kingoni. Mvua mbili tatu za mwanzo za masika ziache zipite ndani ya vifuko hivyo bila kizuizi. Zinaosha bure. Ila lazima matundu ya chini yawe wazi, kwa hivyo Machi hiyo hiyo pasha msumari moto utoboe mapya, manne hadi sita kwa kila kifuko, na mawili ubavuni karibu na chini.

Na uyakinge maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kibanda chenye paa la mita 20 za mraba, kwa mvua ya milimita 25, ambayo kwa Mei si ajabu, kitakupa lita 500. Hayo ndiyo maji ya kuoteshea mbegu, kwa kuwa mbegu haivumilii chumvi hata kidogo. Pipa lifunikwe kwa neti ya mbu, si kwa ubao wenye mwanya.

Ukishakuwa na maji yote hayo, shida inayofuata ni mkono wako mwenyewe. Mtu aliyezoea kunyunyiza asubuhi na jioni tangu Desemba huendelea kunyunyiza Aprili kwa mazoea tu, hata siku ambayo mvua imenyesha usiku. Acha keni chini. Kabla ya kumwagilia mche wowote, inua kifuko chake. Mkono hujua uzito wa kifuko kikavu ndani ya siku chache, na ukishaujua hutahitaji kipimo kingine. Kikiwa kizito, pita. Ukilazimika kumwagilia, fanya asubuhi, jani lipate mchana mzima wa kukauka.

Kivuli nacho kipunguzwe. Neti iliyokuwa muhimu wakati wa kaskazi, masika hugeuka mzigo, kwani mawingu tayari yamepunguza mwanga na mche ulio chini ya neti nzito hurefuka, hukonda na hulala kwa upepo wa kwanza. Iondoe juu ya miti na maua yanayopenda jua: mwarobaini, mkungu, bogonivilia, asumini, mindimu. Ibaki juu ya miche michanga na ile ya kivuli kwa asili, na hata hapo ikazwe kwa mteremko ili isibebe maji na kumwagika kwa kishindo juu ya miche. Kwa upande wa plastiki, mahali pake ni juu ya trei za kuoteshea tu. Itandaze juu ya vijiti kama paa lenye mteremko, pande zote nne wazi, upepo upite.

Kinyausi

Ugonjwa utakaokuumiza zaidi ni kinyausi. Jioni trei ya pilipili imesimama sawa. Asubuhi kona moja imelala. Ukiinama utaona majani bado mabichi, hayana doa, lakini pale shina linapotoka udongoni limekonda na kugeuka hudhurungi, na ukiligusa kwa ukucha linakatika bila ubishi. Kesho yake kona hiyo imekuwa duara la upana wa kiganja. Siku ya nne nusu ya trei imekwisha.

Mche ulioanguka hauinuliwi na dawa yoyote, kwa hivyo usipoteze pesa. Chukua kijiko, chimba duara lote pamoja na udongo wake na safu moja ya miche iliyo mizima kuzunguka, uitupe mbali na lundo la mboji. Acha kumwagilia trei hiyo hadi uso wa udongo ukauke. Nyunyizia mchanga mkavu juu. Isogeze penye upepo. Dawa za kopa hufanya kazi kama kinga kwa miche iliyobaki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, si kwa makadirio ya kifuniko.

Kinga ya kweli ni ya Februari, na hapa jua la kaskazi tunalolilalamikia hulipa deni. Udongo wako wa kuoteshea utandaze juu ya sakafu ya saruji kwa unene wa shubiri moja, uloweshe, uufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga na uzibe kingo kwa mawe. Uache hivyo wiki nne hadi sita. Joto chini ya plastiki hiyo huua sehemu kubwa ya vimelea vya kinyausi, mayai ya wadudu na mbegu za magugu. Kisha uuweke kwenye magunia safi, usiguse ardhi. Masika yakifika unao udongo ambao hata fundi mwenye maabara angeridhika nao. Ongeza juu yake upandaji wa nafasi. Mbegu zilizomwagwa kwa wingi huota zikibanana, na kubanana ndiko kunakouvusha ugonjwa kutoka shina hadi shina.

Mche unapogeuka njano

Masika huleta manjano ya aina tatu, na kila moja ina dawa yake. Watu wengi huyajibu yote kwa mbolea, na kwa aina mojawapo mbolea ni kama kumlisha mgonjwa anayetapika.

Anza kwa kutazama mizizi. Chagua mche mmoja, lowesha kifuko, uulaze kiganjani na uvute kifuko taratibu. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ncha zake ni ngumu. Ikiwa ni ya hudhurungi, ukiivuta ganda lake linateleza na kubaki uzi mwembamba katikati, na udongo unanuka yai viza, basi mche huo umekosa hewa. Usiutie mbolea. Kata mizizi iliyooza kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, punguza majani nusu ili mizizi iliyobaki isilemewe, upande upya kwenye mchanganyiko wenye mchanga mwingi na uuweke chini ya paa kwa wiki mbili bila maji mengi. Baadhi itapona. Asumini hupona vizuri kuliko mpapai; mpapai ulioanza kuoza shingoni utupe.

Mizizi ikiwa mizima, tazama majani yenyewe. Yakiwa manjano yale ya chini, ya zamani, na ya juu bado mabichi, mvua imeosha naitrojeni. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, iliyolowekwa siku chache na kuzimuliwa hadi iwe rangi ya chai nyepesi, itairudisha ndani ya wiki mbili. Upe mche kidogo kidogo kila wiki, kwa sababu ukiupa yote leo, mvua ya kesho itaipeleka mtaroni.

Yakiwa manjano yale machanga ya juu huku mishipa yake ikibaki kijani, tatizo ni la kisiwa. Vumbi la matumbawe na maji ya visima vina chokaa nyingi, na penye chokaa nyingi mche hushindwa kukichukua chuma hata kikiwepo udongoni. Mindimu, milimau na asumini huathirika mno. Hamisha mche kwenye udongo mwekundu wenye mboji tele, unyweshe maji ya mvua pekee, na ukiweza kununua dawa ya chuma ya kunyunyizia majani, chagua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya udongo wenye chokaa.

Mbali na manjano, konokono wakubwa watatoka usiku wa mvua. Waokote kwa tochi, ukivaa glavu. Sijaona njia inayoshinda hiyo.

Mbu wa mchana

Kitalu kizembe masika ni kiwanda cha mbu, na mwenye miche lazima alichukulie suala hili kwa uzito kuliko hata miche yenyewe. Mombasa imeshapata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa 2013 na wa 2021, na chikungunya ilivuma mjini mwisho wa 2017 kuingia 2018. Mbu anayeeneza zote mbili, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hapendi madimbwi ya tope. Anapenda maji safi kidogo ndani ya kitu: kopo la kupandia lisilo na tundu, sahani iliyo chini ya chungu, kifuu cha nazi, tairi la mapambo, kifuniko cha mtungi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku nane hadi kumi hivi katika joto letu. Kwa hivyo kila wiki, siku moja uliyojiwekea, zunguka umwage kila kilichoshika maji na usugue pande zake, maana mayai hushika ukutani mwa chombo na hungoja mvua nyingine hata yakikauka. Sahani zote ziondolewe hadi Septemba. Tairi litobolewe chini au liuzwe.

Kusi

Mvua ikianza kupungua Juni, wengi hupumua. Hapo ndipo kundi la pili la miche hufa. Kusi hutoka kusini-mashariki, baharini, na huvuma siku baada ya siku ikiwa na chembe za chumvi. Tononoka iko ndani ya kisiwa, haipigwi kama ufuo wa Mama Ngina, lakini majengo huubana upepo na kuusukuma kwa nguvu kwenye vichochoro. Funga vipande vyepesi vya plastiki kwenye vijiti katika pembe nne za kitalu, na vingine viwili katikati, uvitazame alasiri. Utashangaa kuona pembe moja imetulia na nyingine, hatua nane tu kutoka hapo, kipande kinachapa bila kupumzika. Hapo penye kuchapa ndipo pa kuweka kinga.

Usijenge kinga ya mabati. Ukuta usiopitisha kitu huufanya upepo uruke juu na kuanguka nyuma yake kwa mzunguko unaovunja miche kuliko ungeuacha upite. Kinachotakiwa ni kitu kinachopitisha takriban nusu. Makuti yaliyofungwa kwenye fito, kwa kuacha nafasi ya vidole viwili vitatu kati ya safu na safu, hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo, na neti ya kivuli iliyosimamishwa wima pia. Kinga ya namna hii hutuliza upepo hadi umbali wa takriban mara kumi ya kimo chake. Nguzo zizame angalau mita moja kasorobo, au ukiwa juu ya saruji, zifungwe kwenye ndoo zilizojazwa zege. Kamba ni bora kuliko misumari, kwa sababu huachia kidogo bila kung'oka. Na usidhani vimbunga ni habari za wengine: tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, upande wa Tanzania, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikatoa tahadhari ya upepo mkali kwa pwani yetu pia. Ukisikia tahadhari kama hiyo, shusha neti zote, laza miche mirefu chini kwa ubavu, ishikane, na uiinue upepo ukipita.

Ukiwa na nafasi, kinga bora zaidi ni safu ya mivinje kwenye mapipa yaliyokatwa. Mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza mwaka 1971 kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mvinje ulikuwa kati ya miti michache sana iliyokubali jiwe tupu la matumbawe, na msitu uliopo pale leo umejengwa juu yake. Hauogopi chumvi wala upepo, na matawi yake membamba hupitisha hewa kwa kiasi kinachofaa. Nyuma yake panga bogonivilia na miarobaini, kisha mindimu, na mwisho kabisa, penye utulivu, asumini, mlangilangi, waridi na mipapai.

Wakati huu kifuko hukauka kwa ubavu, juu kukiwa bado na unyevu, kwa hivyo rudia ile kazi ya kuinua na kupima kwa mkono. Vifuko vishikamane, vya pembeni vizungushiwe makumbi au gunia. Mara moja kwa wiki osha majani kwa maji matamu asubuhi kuondoa chumvi. Utaona vidukari kwenye vikonyo vichanga. Maji ya sabuni huwatosha wakiwahiwa.

Kipupwe kina faida moja ambayo ningependa wengi waitumie. Waridi na maua mengine yanayoletwa kwa lori kutoka bara hufika yakiwa hai Julai kuliko Februari, na yana wiki kadhaa za kuzoea kabla joto halijarudi. Miembe na michungwa ya kubebeshwa nayo ifanyiwe kazi mvua ikishatulia, si Mei, kwa kuwa maji yakiingia kwenye kiungo kinaoza. Vikonyo vitoke kwenye miti inayojulikana. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa si mbali, na huko unaweza kuuliza aina inayofaa pwani.

Kuuza

Mvua inayokuulia miche ndiyo hiyo hiyo inayokuletea wanunuzi. Serikali ilipotangaza mapumziko ya kitaifa ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023, kisha tena tarehe 10 Mei 2024, katika kampeni ya miti bilioni 15 kufikia 2032, mahitaji yalikuja kwa siku chache, yote kwa pamoja. Mwenye kitalu anayengoja hadi Mei kuotesha amechelewa. Miti ya kuuza masika ioteshwe Oktoba au Novemba, iwe na kimo cha futi moja Machi, iachwe juani bila neti kwa wiki tatu na maji yapunguzwe polepole ili ikomae. Mwarobaini una sharti lake: mbegu zake hazikai, zipandwe ndani ya wiki chache tangu kuiva, kwa hivyo okota zinapodondoka na uoteshe hapo hapo.

Uza kwa wingi wiki mbili za kwanza za mvua, hata kwa bei ya chini kidogo. Mche uliopandwa mapema Aprili una miezi miwili ya mvua ya kushika mizizi; uliopandwa mwisho wa Juni hukutana na kusi ukiwa hauna nanga, na ukifa mteja atasema ulimuuzia mche mbovu. Na umwelekeze mnunuzi, kwa sababu kila mtu huvutiwa na urefu.

"Mwanangu, nipe ule mrefu kabisa."

"Mama, chukua huu mfupi. Ule mizizi imeshajizungusha ndani ya kifuko, kusi ikija itaulaza. Huu shina lake nene, utakushikia."

Ukisema hivyo, na umwonyeshe mizizi kwa kukifungua kifuko mbele yake, atarudi vuli na jirani yake.

Vuli yenyewe huanza Oktoba, na mwaka wa El Niño huweza kuwa kali kuliko masika, kama ilivyokuwa mwisho wa 2023 mji ulipofurika. Mtaro na paleti zibaki mahali pake. Mbegu za mpapai za msimu huo zioteshe kuanzia katikati ya Julai, tatu kwa kila kifuko, ukijua kwamba kwa ubaridi wa kipupwe zitachukua wiki tatu au zaidi kuchomoza. Ziweke juu ya paleti iliyo karibu na ukuta wa mawe unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta huo hushika joto hadi usiku, na uzifunike kwa gunia lenye unyevu hadi siku utakapoona ncha ya kwanza ya kijani. Siku hiyo gunia liondoke asubuhi hiyo hiyo.